Harvard, MIT au Williams? Jina la chuo, na linasikika kwa nani

Kila mwaka mwezi wa tatu ukielekea kuisha na majibu ya vyuo vya Marekani yakianza kutoka, ubishi unakuwa ule ule, Yale iko juu ya Princeton au chini, Stanford imeipita Harvard au bado, na hiyo Williams ni chuo gani mbona sijawahi kuisikia. Watu wanabishana mpaka alfajiri kama mashabiki wa mpira na hakuna anayeshinda, maana kila mmoja anapima kitu chake. Mmoja akisema chuo kina jina anamaanisha ukikitaja kwa mjomba mjomba anashtuka. Mwingine anamaanisha mabenki ya New York na makampuni ya ushauri kama McKinsey yanakuja kuajiri pale pale kampasi. Wa tatu anamaanisha profesa wa chuo kingine akiona barua ya mapendekezo imetoka pale anaisoma mara mbili. Hayo ni majina matatu, na vyuo vyenye yote matatu kwa kiwango kimoja ni vya kuhesabu. Kwa hiyo kabla hujauliza kipi ni kikubwa jiulize unataka jina lako lisikike kwa nani, alafu tuanze kulinganisha. Na nasema mapema, kuna sehemu naegemea upande, sijifichi.

Jina la mtaani

Hapa Harvard haina mpinzani Marekani, tusidanganyane. Ilianza 1636, yaani Marekani yenyewe kama nchi ilikuja miaka 140 baadaye, na popote duniani ukilitaja jina hilo huhitaji sentensi ya pili. Wanaoikaribia ni Stanford, MIT (chuo cha teknolojia cha Massachusetts) na Yale, na ng'ambo ya bahari Oxford na Cambridge. Ukishuka hapo tu mambo yanabadilika haraka kuliko watu wanavyodhani. Penn, yaani Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ni chuo cha Ivy League, ndo chenye Wharton iliyoanzishwa 1881, shule ya kwanza ya biashara ya chuo kikuu Marekani, lakini nusu ya watu ukiwaambia umesoma Penn wanafikiri ni Penn State ambacho ni chuo kingine kabisa cha serikali ya jimbo, na hapo uko palepale Marekani, sijui ukienda mbali itakuwaje. Caltech, chuo cha teknolojia cha California, wanaijua wanasayansi. Brown na Dartmouth nje ya Marekani ni mpaka uanze kuelezea.

Na hili neno Ivy League linapotosha watu sana. Kiasili ni ligi ya michezo, vyuo nane vilivyowekeana makubaliano rasmi 1954, basi. MIT haimo, Stanford haimo, Chicago haimo, Duke haimo. Ndani ya hiyo nane kuna Cornell yenye wanafunzi zaidi ya 15,000 wa shahada ya kwanza, na baadhi ya shule zake zinapata pesa za jimbo la New York, alafu kuna Dartmouth yenye kama 4,500 hivi iliyoko porini New Hampshire. Mtu anayesema "nataka Ivy yoyote ile" kiukweli hajachagua kitu, maana maisha ya miaka minne Cornell na maisha ya miaka minne Dartmouth hayafanani hata kidogo.

Namba kwenye orodha

Sasa watu wa namba wanakuja na orodha za ubora. Sawa. Orodha ya Shanghai, ya China, tangu waanze 2003 wameiweka Harvard namba moja. QS, kampuni ya Uingereza, kwa zaidi ya miaka kumi sasa wanasema MIT. Times Higher Education kwa miaka mingi wanasema Oxford. Orodha tatu, namba moja watatu, na hakuna anayesema uongo hapo, ni kwamba kila mmoja ana kipimo chake. Shanghai wanahesabu Nobel, Fields Medal ambayo ni tuzo kubwa ya hisabati, makala kwenye majarida ya sayansi ya Nature na Science. Vitu vikubwa hivyo, ila havikwambii kama mhadhiri wako wa mwaka wa kwanza atakujua kwa jina.

US News, chombo cha habari cha Marekani ambao wamekuwa wakipanga vyuo vya Marekani tangu 1983 nao wana utani wao. Asilimia 20 ya alama kwenye orodha yao kuu inatokana na maoni, marais wa vyuo na wakubwa wenzao wanaulizwa wanakionaje chuo kile na kile. Yaani jina linazaa namba, mwaka unaofuata namba inazaa jina, na mzunguko unaendelea. Alafu kuna upande wa takwimu ambazo vyuo vyenyewe vinapeleka. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Columbia, alikaa akachambua namba za chuo chake mwenyewe akaonyesha hazikai sawa, na Columbia iliyokuwa imepanda mpaka namba 2 ikashuka hadi 18. Jiulize, elimu ya Columbia ilishuka nafasi 16 ndani ya miezi michache? Majengo yale yale, walimu wale wale. Reed College wao walishagoma kupeleka takwimu tangu 1995, wanaadhibiwa kwenye orodha, na bado ni moja ya sehemu zinazotoa watu wengi wanaoenda kuchukua PhD ukilinganisha na udogo wake.

Na asilimia ya wanaopokelewa isikutishe pia. Chicago katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa inapokea zaidi ya theluthi ya walioomba, leo ni kama 5%. Maprofesa waliiheshimu kabla na wanaiheshimu sasa, ni chuo ambacho mwanafizikia Enrico Fermi alifanyia jaribio lake la nyuklia chini ya uwanja wa michezo 1942, hakikuwa cha mchezo mchezo hata wakati kinapokea wengi. Kilichobadilika ni matangazo, fomu rahisi zaidi ya kuomba, na utaratibu wa kuomba mapema kwa kujifunga, yaani ukipokelewa lazima uende. Waombaji wakiongezeka asilimia inashuka, hesabu ya darasa la saba hiyo.

Harvard au Williams

Hapa ndo nataka nikae kidogo, maana ndipo watu wanapoteza nafasi nzuri kwa kutojua. Marekani kuna aina ya koleji zinazoitwa liberal arts, za elimu pana ya sanaa na sayansi, ndogo, karibu wote ni wa shahada ya kwanza. Williams, Amherst, Swarthmore, Pomona, Bowdoin, Wellesley ya wanawake, na nyingine. Kwenye US News ziko orodha ya peke yake, kwa hiyo mtu anatafuta Williams kwenye orodha ya Harvard haioni, anaamua ni kachuo ka ovyo. Kumbe kwa kuchuja waombaji wako karibu sana na Ivy.

Tuangalie darasani. Harvard kozi maarufu kama CS50 ya kompyuta au ile ya utangulizi wa uchumi ina mamia ya wanafunzi ukumbi mmoja, profesa yuko mbele ni nyota kweli kweli, ila anayesahihisha kazi yako na kukaa na wewe kwenye kikundi mara nyingi ni mwanafunzi wa uzamivu au hata mwenzako aliyekutangulia mwaka mmoja. Sio kwamba ni vibaya, wengine wanafundisha vizuri kuliko profesa mwenyewe. Lakini ujue unanunua nini.

Williams wana kitu wanaita tutorial, waliiga Oxford. Wanafunzi wawili na profesa mmoja, wanakutana kila wiki. Wiki hii wewe unaandika insha, unaisoma, mwenzako kazi yake ni kuichambua na kuipinga mbele ya profesa, wiki ijayo mnabadilishana. Hebu fikiria, watu watatu tu chumbani, hujasoma, unajificha wapi? Ukitoka huko na tutorial mbili tatu unajua kuandika hoja, hutaki hutaki. Swarthmore nao wana programu yao ya Honors ya tangu 1922, ukifika mwaka wa mwisho wanaokutahini sio walimu wako, wanaitwa maprofesa kutoka vyuo vingine, wanakuja wanakuhoji kwa mdomo. Ndo maana mwalimu wako kule hakuonei wala hakubebi, mko upande mmoja mnajiandaa kwa mgeni. Na ndo maana pia maprofesa wa vyuo vikubwa wanazijua koleji hizi vizuri, wameenda kutahini huko au wamewapokea wanafunzi waliotoka huko.

Waliopita huko sio watu wadogo. Joseph Stiglitz wa Nobel ya uchumi alisoma Amherst, Uhuru Kenyatta pia Amherst, Hillary Clinton na Madeleine Albright wote Wellesley, Jaji Clarence Thomas alisoma Holy Cross. Lakini ebu angalia walichofanya baadaye: Stiglitz alienda MIT, Clinton alienda Yale ya sheria, Thomas naye Yale ya sheria, Albright akaenda Columbia. Hapo ndo siri ilipo. Koleji ndogo inalipa sana pale unapoendelea mbele, maana barua ya profesa anayekujua kweli kweli inakufungulia mlango wa chuo kikubwa, na mwisho wa siku una majina mawili. Ila kama mpango wako ni shahada moja tu, alafu unaenda kutafuta kazi nchi ambayo ofisa wa ajira hajawahi kusikia neno Swarthmore, aisee Harvard itakusaidia kuliko tutorial yoyote na mtu asikudanganye kwa maneno matamu ya elimu kwa ajili ya elimu.

Kuna shida nyingine ya koleji ndogo ambayo vipeperushi havisemi. Kozi zinaisha. Mtoto ambaye amefika chuo tayari ameshamaliza hisabati za mwaka wa pili, Harvard au Princeton anaingia kozi za watu wa PhD akiwa na miaka 19, Williams kufika mwaka wa tatu ataanza kuombaomba profesa amfundishe peke yake. Baadhi wamejipanga, Amherst iko kwenye umoja wa vyuo vitano pamoja na chuo kikuu cha jimbo la Massachusetts unaweza kuchukua kozi huko, Pomona imezungukwa na koleji wenzake wa Claremont unatembea kwa miguu, Swarthmore wanaruhusiwa kusoma baadhi ya kozi Penn. Williams yenyewe iko milimani Williamstown na jirani hakuna kitu, kama unapenda mji mkubwa miaka minne ni mingi.

Mimi nikiulizwa, kwa mtoto wa fasihi, historia, siasa, falsafa, hata uchumi wa kwenda kuendelea na PhD, nachagua Williams au Swarthmore na silali nikiwaza. Kwa mtoto wa hisabati aliyeshindikana kwa uwezo, hapana, Harvard, Princeton au MIT.

MIT au Caltech

Zote sayansi, zote ngumu, watu wanaziweka kapu moja na sio sahihi. MIT ina wanafunzi kama 4,500 wa shahada ya kwanza, Caltech ni kama 1,000, yaani Caltech nzima inaingia MIT mara nne na chenji inabaki. MIT ina shule ya biashara, idara ya uchumi ya kutisha, watu wa lugha na akili, na utamaduni wa kujenga vitu na kufungua kampuni. Kila idara ina namba, mtu hakwambii anasoma kompyuta, anakwambia ni Course 6, hisabati ni 18. Caltech hata ukisomea biolojia fizikia na hisabati utakula tu mpaka useme basi, na wana sheria yao ya uaminifu ambapo kwa desturi mtihani unaenda nao chumbani, unajisimamia mwenyewe, saa ikiisha unaweka kalamu chini hakuna aliyekuangalia. Wanaendesha pia JPL kwa niaba ya NASA, ile maabara inayopeleka vigari sayari ya Mars.

Kwa maprofesa wa fizikia majina haya mawili yanalingana, Nobel ya 2017 ya mawimbi ya mvutano ilienda kwa Rainer Weiss wa MIT na Barry Barish na Kip Thorne wa Caltech, mradi mmoja. Kwa mjomba na kwa mwajiri MIT inashinda mbali. Na kuna hili la kubadilisha mawazo, mtu wa miaka 18 anaamini anataka fizikia, akifika 20 anataka uchumi. MIT anahamia idara ya pili, anaendelea na maisha. Caltech machaguo ni machache. Kwa hiyo Caltech ni kwa yule ambaye ana uhakika, na wenye uhakika wa kweli umri huo ni wachache sana.

Princeton, Yale, Stanford kwa haraka

Princeton haina shule ya sheria, udaktari wala biashara, na hiyo ndo faida, wa shahada ya kwanza ndo mboni ya jicho, karibu kila mtu anaandika tasnifu ndefu mwaka wa mwisho chini ya profesa. Ukitaka ukubwa wa chuo kikuu na malezi ya koleji, iko hapo. Yale ni sanaa, tamthilia, siasa, sheria, na mfumo wa makazi wa koleji 14 ndani ya chuo. Stanford kama ndoto yako ni kampuni, wala usihangaike kulinganisha, Hewlett na Packard walioanzisha kampuni ya HP walitoka pale, Page na Brin walikuwa wanafunzi wa PhD pale walipoanza kitu kilichokuja kuwa Google, na wenye mitaji wako barabara ya jirani. Ila mshairi anayeenda Stanford kwa sababu tu ya jina atajikuta anakula chakula cha mchana na watu wanaozungumzia mtaji kila siku.

Ukifika masta na PhD, sahau yote hayo

Hapa jina la chuo linayeyuka, linabaki la idara na la msimamizi wako. Idara ya falsafa ya NYU, Chuo Kikuu cha New York, wanafalsafa wengi wanaiweka juu ya Harvard. Kompyuta, Carnegie Mellon inasimama bega kwa bega na Stanford na MIT, na Illinois, chuo cha jimbo, ndo kulikotoka Mosaic 1993, kivinjari kilichofanya watu wa kawaida waanze kutumia wavuti. Berkeley, chuo cha jimbo la California, karibu kila idara iko juu. Mtu anayekataa Berkeley ya kemia akaenda Ivy kwa PhD ya kemia ili mjomba ashtuke, mjomba atashtuka siku moja, na yeye atakuwa maabara miaka sita.

Je, jina linalipa?

Stacy Dale na Alan Krueger mwaka 2002 walitoa utafiti uliowashangaza wengi, waliangalia watu walioomba na kupokelewa vyuo vinavyofanana kwa ukali wa kuchuja waombaji, wakakuta aliyeenda chuo kikali zaidi na aliyeamua kwenda cha kawaida baadaye mishahara haitofautiani sana. Yaani uwezo ulikuwa wa mtu. Waliofaidika zaidi na chuo kikali ni waliotoka familia za kipato cha chini. Alafu 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman wakaja na takwimu kubwa zaidi za Ivy nane ukiongeza Stanford, MIT, Duke na Chicago, nao wakakuta wastani wa kipato haubadiliki sana ukilinganisha na vyuo bora vya majimbo, lakini uwezekano wa kuingia asilimia moja ya juu kabisa unaongezeka kwa kama nusu, na wa kuajiriwa na makampuni ya majina unakuwa mara tatu. Wakagundua pia watoto wa familia za asilimia moja ya juu kwa kipato wanaishia kusoma vyuo hivi mara mbili zaidi ya watoto wa kipato cha kati wenye alama zile zile za mtihani. Chukua hilo utakavyo, mi naona linasema jina kubwa sio bima ya maisha mazuri ya kawaida, ni tiketi ya vyumba fulani vichache. Majaji nane kati ya tisa wa Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani wamesoma sheria Harvard au Yale. Kama unataka chumba hicho, sawa. Kama unataka kuwa mhandisi mzuri mwenye nyumba na amani, Michigan au Illinois itakufikisha bila shida.

Pesa, ambayo ingepaswa kuwa ya kwanza

Kwa mwombaji kutoka nje ya Marekani hiki ndo kinapanga kila kitu na hakimo kwenye ubishi. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na sasa Brown, wanakuchagua bila kuangalia uwezo wako wa kulipa hata kama ni mgeni, alafu wanakujazia pengo lote. Stanford, Columbia, Cornell na Penn kwa wageni wanaangalia, ukiomba msaada mkubwa nafasi yako inapungua. Kwa hiyo Bowdoin ambayo hujawahi kuisikia inaweza kuwa mlango wazi kuliko Cornell unayoijua. Harvard kuanzia mwaka wa masomo 2025 familia yenye kipato chini ya dola 200,000 hailipi ada ya masomo, chini ya dola 100,000 hailipi karibu kitu, na MIT wanakwenda hivyo hivyo kwenye ada. Hapo Harvard inakuwa rahisi kuliko chuo cha jimbo ambacho mara nyingi kwa mgeni hakina msaada wa maana.

Angalizo moja la kuomba mapema kwa kujifunga: ukipokelewa unatakiwa kwenda na kufuta maombi mengine, kwa hiyo hupati nafasi ya kuweka barua mbili za msaada mezani ukazilinganisha. Kabla hujajifunga tumia kikokotoo cha gharama kilichopo kwenye tovuti ya kila chuo, weka namba za kweli za nyumbani. Usipojifunga, vyuo vingi vinasubiri jibu mpaka tarehe 1 Mei, na wiki za Aprili wanakaribisha waliopokelewa, ana kwa ana au kwa video. Usiwaulize wanafunzi wa pale kama chuo kina jina, watasema ndiyo. Waulize mara ya mwisho profesa kusoma kazi yao yote na kuirudisha na maoni ilikuwa lini, na nani wangemwomba barua ya mapendekezo kesho asubuhi.